Lebo ya The Starry Night inamtaja mama ambaye hakuwahi kuimiliki hiyo picha, wosia wa namna hii unafanyaje kazi?

fundi_fremu

Wakuu habari za jioni. Mi kazi yangu ni kutengeneza fremu hapa Dar, na nina mteja wangu mmoja mzee wa makamo ya juu, amekusanya picha toka ujana wake, ana Tingatinga za zamani zile zilizochorwa kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli, ana picha kadhaa za Lilanga, yule mchoraji wetu wa Tanzania, ana vinyago vya Kimakonde na michoro ya watu ambao hata majina yao hayavumi. Sasa watoto wake hawana haja na hivyo vitu na yeye anataka aandike wosia viende kwenye jumba la makumbusho, iwe hapa nchini au nje, popote vitakapotunzwa. Kaniomba nimsaidie kupanga orodha kwa sababu nyingi nimezifungia fremu mwenyewe.

Katika kusoma soma ili nisimpotoshe mzee wa watu nikaanza kuangalia makumbusho makubwa wanaandikaje lebo zao, nikafika kwa The Starry Night ya Van Gogh iliyoko Museum of Modern Art ya New York, ile MoMA. Lebo inasema imepatikana kupitia wosia wa Lillie P. Bliss, kwa kubadilishana. Nikamtafuta huyo mama, kumbe alifariki 1931 na picha imeingia makumbusho 1941, na hakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Nikaangalia na ile ya Picasso maarufu, Les Demoiselles d'Avignon, nayo lebo ni hiyo hiyo ya Bliss, kwa kubadilishana.

Sasa naomba mnieleweshe. Inakuwaje marehemu anatoa kitu ambacho hakuwa nacho? Na swali la pili ndo linaniumiza zaidi kichwa, kwenye makumbusho yaliyojengwa na wosia wa mtu nani hasa anaamua mkusanyiko uwe na sura gani, yule aliyekufa au wale wanaokaa ofisini? Maana mzee ananiuliza aweke masharti gani na mi sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

nyaraka_na_rangi

Mkuu fundi_fremu umegusa penyewe, hii habari ya Bliss naisoma miaka na naipenda, ngoja niielezee yote maana ukiielewa hii na ya mzee wako itakuwa nyepesi.

Lillie Bliss alizaliwa 1864, baba yake alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa vitambaa na aliwahi kuwa waziri kwenye serikali ya Rais McKinley. Hakuolewa. Rafiki na mshauri wake kwenye mambo ya picha alikuwa mchoraji Arthur B. Davies, na Davies ni mmoja wa wale waliopanga yale maonyesho ya Armory Show ya 1913 pale New York ambayo ndo yaliwaonyesha Wamarekani wengi kwa mara ya kwanza kazi mpya za Ulaya, watu walishtuka, magazeti yalikebehi, ila Bliss alinunua. Na hakuacha, aliendelea kununua mpaka akawa na picha za mchoraji Mfaransa Cézanne zaidi ya 20 ukijumlisha na za rangi za maji, akawa na Degas, Gauguin, Seurat, Redon, halafu baadaye Picasso, Matisse, Modigliani. Kwa mwanamke wa familia ya kitajiri ya enzi ile, kununua vitu ambavyo wenzake waliviona vya ovyo, huo ni ujasiri na nataka watu waujue.

1929 yeye na Abby Aldrich Rockefeller na Mary Quinn Sullivan wakaanzisha MoMA. Imefunguliwa Novemba 1929, siku chache tu baada ya soko la hisa la New York kuporomoka, kwenye vyumba vya kupanga ndani ya jengo la ofisi pale Fifth Avenue. Mkurugenzi wa kwanza Alfred Barr alikuwa na miaka 27. Na hapa ndo watu wengi hawajui, mwanzoni MoMA haikuwa na mkusanyiko wa maana, maonyesho ya kwanza kabisa ya Cézanne, Gauguin, Seurat na Van Gogh yalikuwa ya picha za kuazima, yakiisha kila mtu anarudishiwa chake. Na haikuwa imeamuliwa bado kama itakuja kuwa na mkusanyiko mkubwa wa kudumu.

Machi 1931 Bliss akafariki. Wosia ukasomwa, kaiachia MoMA kazi zaidi ya 100, lakini ndani ya miaka 3 makumbusho yathibitishe kwamba yana fedha za kudumu za kuyaendesha, la sivyo hayapati kitu. Wasimamizi wa mirathi walianza kwa kuzungumzia dola milioni 1, baadaye ikashushwa mpaka dola 600,000. Na huu ni wakati ule mbaya kabisa wa uchumi, mabenki yanafungwa, watu wanapanga foleni za mkate. Wajumbe wa bodi wakahangaika, fedha zikapatikana, na 1934 picha zikawa za MoMA rasmi. Ina maana kabla hata picha moja haijatundikwa ule wosia ulishaibadilisha MoMA, imetoka kuwa mahali pa kuonyesha vya kuazima imekuwa taasisi yenye akiba yake benki na mali yake.

Sasa njoo kwenye swali lako la lebo. Bliss aliandika kwamba makumbusho yanaweza kuuza au kubadilisha kazi zake, isipokuwa chache sana alizozifunga. 1939 Barr alikuwa anaitaka Les Demoiselles d'Avignon, bei dola 28,000. Wakauza picha ya Degas ya wapanda farasi iliyotoka kwa Bliss wakapata dola 18,000, na zile 10,000 zilizobaki zikachangiwa na wenye gallery iliyokuwa inaiuza yenyewe. 1941 muuzaji wa sanaa Paul Rosenberg, aliyekuwa amekimbilia New York kutoka Paris baada ya Wanazi kuingia, alikuwa na The Starry Night, MoMA wakampa picha 3 za Bliss, Cézanne 2 na Toulouse-Lautrec 1, wakaichukua. Kwa hiyo lebo inasema kweli tupu. Mali ya Bliss ndo iliyolipa. Jina linafuata mali hata ikibadilika sura mara ngapi, na hilo ni jambo la heshima, wangeweza kuandika tu "imenunuliwa" na leo hakuna ambaye angekumbuka.

Kuhusu nani anaamua, mi naona kwa Bliss waliamua wote wawili. Jicho lililoiona Demoiselles lilikuwa la Barr, ila Barr bila ile ruhusa ya kubadilisha angebaki na jicho tu na mikono mitupu. Lakini usidhani marehemu hakuvuta upande wake. Msingi wa mkusanyiko ukishakuwa Cézanne, unaanza kusimulia hadithi yote kuanzia kwa Cézanne. Angalia ule mchoro wa mishale ambao Barr alitoa 1936 kuonyesha sanaa ya kisasa ilivyokua, juu kabisa wamekaa kina Cézanne, Gauguin, Seurat, Van Gogh, Redon, mishale inashuka kwenda kwenye mikondo kama Cubism, ule wa kina Picasso, na mingine. Ukimtoa Van Gogh, ni majina yale yale ya ukutani kwa Bliss. Kwa miaka mingi ukiingia MoMA hiyo ndo hadithi uliyokutana nayo, Paris kwanza, wengine baadaye kama nafasi ipo.

Halafu kuna jambo lingine linanifikirisha sana. Demoiselles kabla ya kwenda Marekani ilikuwa kwa Jacques Doucet, fundi mkubwa wa mavazi wa Paris, aliinunua 1924 na aliahidi kwamba akifa itakwenda makumbusho ya Louvre. Akafa 1929, kwenye wosia haimo. Mke wake akaiuza 1937. Sasa fikiria, wosia mmoja haukuandikwa Paris, mwingine uliandikwa vizuri New York, na picha ambayo wengi wanaiona ndo mlango wa sanaa ya karne ya 20 ikavuka bahari.

Bi_Shangani

Assalam aleikum nyote. Ndugu yangu nyaraka umefafanua vyema sana, nami naongeza kwa upande wa pili wa shilingi maana huku Unguja suala la mali ya marehemu tumelizoea kwa njia ya wakfu. Mtu akishaweka nyumba au shamba wakfu basi haliuzwi, halirithiwi, na linatumika kwa lile alilolinuia. Watu wengi wakifikiria kuacha kitu kwa makumbusho ndivyo wanavyofikiria, nifunge kila kitu kisiguswe milele. Hata huyo mzee naamini hilo ndilo litakalomjia kwanza, na ni la haki, kitu amekihangaikia umri wake wote.

Sasa yupo mtu Marekani alifanya hivyo hasa, Albert Barnes wa Pennsylvania. Alipata utajiri kwa dawa, akaanzisha taasisi yake 1922, akakusanya Renoir 181, Cézanne 69, Matisse 59. Akapanga kuta zake mwenyewe, picha na vyuma vya milango na makabati vyote vinakaa pamoja kwa mpangilio wake, na akaandika hati kwamba akishafariki hakuna kuuza, hakuna kuazimisha, hakuna kuhamisha hata picha moja kutoka pale ilipo. Akafa kwa ajali ya gari 1951.

Ikawaje? Taasisi ikakaa katika kitongoji cha Merion, wageni walioruhusiwa ni wachache, fedha zikapungua, jengo linataka matengenezo, na kwa masharti yale huwezi kuuza hata kimoja ukajinusuru. Wakaingia mahakamani, kesi zikawa na uchungu mkubwa mpaka leo wako watu wanaamini marehemu alidhulumiwa. 2004 jaji akaruhusu kuhama, na 2012 ikafunguliwa upya katikati ya Philadelphia. Walichokifanya ni kujenga jengo jipya lakini ndani vyumba vikarudishwa kama vilivyokuwa, kila picha ukutani pale pale alipoiweka yeye. Mimi nahisi ilikuwa ni njia ya kumtii na kumuasi kwa wakati mmoja, na sijui kama palikuwa na njia nyingine ya kuinusuru.

Na hata katika wakfu wako wanazuoni walioruhusu mali iliyokwisha faida ibadilishwe kwa nyingine yenye faida, madhali nia ya mwenyewe inalindwa. Kwa hivyo Bliss na Barnes usiwaone kama mmoja alipenda picha zake na mwingine hakuzipenda. Wote wawili walizipenda. Ila Bliss aliwaamini watakaokuja baada yake, Barnes hakuwaamini.

Fundi, mwambie mzee wetu kwa upole sana, aanze na hilo, anamwamini nani? Sharti zitafuata.

jirani_wa_archives

Salamu kutoka Nairobi. Huu uzi ni mzuri na ningependa tumtaje Joseph Murumbi maana tunazungumza New York na Philadelphia ilhali mfano mkubwa tunao hapa.

Murumbi alikuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka wa 1966 kwa miezi michache, akajiondoa, na maisha yake yaliyobaki akayamwaga kwenye kukusanya vitu vya Kiafrika, nguo, mapambo, silaha, vinyago, stempu, vitabu maelfu, vingi vilichapishwa kabla ya 1900. Yeye na Alan Donovan walianzisha African Heritage hapa Nairobi 1972. Wakati ule watu wa kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wananunua hizi vitu kwa bei ya kutupa na kuzipakia kwenye ndege, Murumbi alikuwa anavuta upande huu, na kuna wakati alipewa ofa kubwa kutoka nje akakataa kwa sababu alitaka vitu vibaki Kenya.

Serikali ilichukua nyumba yake ya Muthaiga pamoja na vitabu na sehemu ya vile vitu, kwa matarajio kwamba nyumba itageuzwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Hiyo haikufanyika. Nyumba ilikuja kubomolewa. Yeye alifariki 1990 na amezikwa City Park, pale pana bustani ya sanamu ya kumbukumbu yake.

Lakini vitu havikupotea. Ukiingia Kenya National Archives pale katikati ya mji, lile jengo la zamani la benki, sakafu ya chini ndiyo Murumbi Gallery, na vingine viko Nairobi Gallery kwenye jengo la zamani la PC, yaani mkuu wa mkoa. Mimi hupita hapo mara kwa mara na nikikaa chini kutazama zile kazi nasikia uchungu na furaha pamoja. Watu wanangoja matatu hapo nje kila siku na hawajui ndani kuna nini.

Sasa angalieni tofauti. Bliss alisema leteni fedha kwanza ndipo nitoe picha. Kwa Murumbi mkusanyiko ulitoka kwanza na ahadi ikabaki nyuma. Hilo ndilo ningemwambia mzee wa fundi_fremu bila kuzunguka, usitoe kitu kwa ahadi ya mdomo ya jengo, taka kwanza kuona mahali, mtu anayelipwa kuvitunza na bajeti ya kila mwaka, hata kama ni ndogo. Picha ya Tingatinga kwenye hadibodi ikikaa kwenye stoo yenye unyevu inavimba na rangi inabanduka, na hapo wosia mzuri namna gani hausaidii.

kofia_ya_Makerere

Naomba niguse lile la nyaraka la "Paris kwanza, wengine baadaye" maana linanihusu moja kwa moja.

Mnajua kwamba MoMA ilinunua picha ya Mtanganyika 1960? Sam Ntiro, mtu wa Machame, alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na baada ya uhuru akawa balozi wa Tanganyika huko huko London. Picha inaonyesha wanaume wakibeba pombe ya ndizi kumpelekea bibi harusi usiku, aliichora 1956. Kwa hiyo mtu wa kwetu alishaingia humo ndani kabla hata bendera haijapandishwa. Lakini picha moja peke yake ndani ya mkusanyiko ambao msingi wake ni Cézanne na matawi yake ni Picasso, utaitundika wapi? Karibu na nani? Hadithi ya ukutani haina mstari wa kumfikisha Ntiro, basi anakaa stoo. Hapo ndo naona nguvu halisi ya wosia wa mwanzo, vitu vinavyoingia baadaye vinapimwa kwa vile vilivyotangulia.

Sasa ruka mpaka 2019. Mkusanyaji Jean Pigozzi aliwapa MoMA kazi 45 za wasanii wa Afrika kwa mpigo, wakiwemo Frédéric Bruly Bouabré wa Ivory Coast na mpiga picha Seydou Keïta wa Mali. Huyu yuko hai, kwa hiyo hii ni hiba na siyo wosia, lakini kazi yake kwenye mkusanyiko ni ile ile. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameonyesha miji ya karatasi na maboksi ya Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, na nyingi zilizoonyeshwa zilitoka kwa Pigozzi huyo huyo. 2022 wakafanya maonyesho makubwa ya Bouabré. Yaani ghafla kuna wingi wa kutosha kusimulia hadithi, na nilifurahi sana.

Ila na hapa tuangalie jicho la mtoaji. Pigozzi alianza kukusanya baada ya yale maonyesho ya Magiciens de la terre ya Paris 1989, na toka hapo yeye na mshauri wake André Magnin walipendelea zaidi wasanii ambao hawakupita chuo cha sanaa. Lilanga wetu yumo kwenye mkusanyiko wake mkubwa. Ni wasanii wazuri mno na wanastahili kila ukuta, lakini ukiwa na wao tu mtu wa New York anaondoka akidhani Afrika hatuna waliosomea, hajui Makerere, hajui Khartoum, hajui Zaria, hajui kwamba Ntiro alikuwa anafundisha wengine. Bliss na Pigozzi wametofautiana karibu miaka 90 na kitu kile kile kimetokea, makumbusho yanarithi picha pamoja na macho ya aliyezichagua.

Ndo maana mi ningemwomba sana huyo mzee aandike. Kwa kila picha aliipata kwa nani, lini, kwa nini aliipenda, nani mwingine alikuwa anachora mtaa huo wakati huo. Hasa zile za watu ambao majina hayavumi. Picha isiyo na maelezo ndo ya kwanza kupelekwa stoo na ya kwanza kuuzwa.

mlinzi_wa_kuta

Nimesoma wote na naheshimu, lakini hii sifa ya "ruhusa ya kuuza" mnaipaka sukari mno.

Tuchukue Woman in White ya Picasso, ya 1923, mama amekaa mikono imepishana, ni picha tulivu na nzuri kupita kiasi. Ilikuwa ya Bliss. Ukienda MoMA huikuti, iko makumbusho ya Metropolitan, wanaiita Met, hapo hapo New York, kwa sababu 1947 haya makumbusho mawili yaliingia makubaliano kwamba MoMA iuze kwa Met zile kazi zilizoshakuwa za zamani na ibaki na za sasa. Barr alikuwa anafananisha mkusanyiko na topido inayokwenda mbele kwenye wakati, pua yake iko kwenye leo na mkia unakatwa unavyozidi kurudi nyuma. Wazo zuri kwenye karatasi. Lakini baadaye wakaona watu wanaopenda kazi zao hawatawapa kitu kama kila kitu kitauzwa, na kwamba wenyewe walihitaji kazi za kudumu za kushikilia hadithi, wakaachana na ule mpango na 1953 wakatangaza kwamba kutakuwa na kazi za kudumu zisizohama. Lakini Woman in White ilikuwa imeshaondoka.

Na Degas ile na Cézanne zile tatu sijui mbili na Lautrec, sisi tunasema waliuza kidogo wakapata kikubwa kwa sababu tunajua mwisho wake. Barr alikuwa na jicho. Je kama angekaa mtu mwingine pale akauza Cézanne akanunua mtu ambaye leo hakuna anayemkumbuka? Ruhusa ni ile ile, wosia ni ule ule.

Mfano wa karibu ni wa William Paley, yule mkuu wa shirika la utangazaji la CBS, alifariki 1990, picha zake 81 zilikuwa chini ya taasisi yake na MoMA wanazitunza na kuzionyesha. 2022 ikatangazwa kwamba angalau 29 zitauzwa kwenye mnada, wakitarajia dola milioni 70 au zaidi, na sehemu kubwa ya fedha ingekwenda kwenye mambo ya dijitali. Masharti yaliruhusu, hakuna aliyevunja sheria. Lakini mtu aliyeingia pale akaipenda picha fulani na kurudi tena na mwanae akakuta haipo, huyo hakuulizwa. Kwa Bliss picha ilizaa picha. Mi mzee ningemwambia aandike hilo wazi kabisa, fedha ya picha inunue picha, basi, isilipe umeme wala tovuti.

fundi_fremu

Wakuu nashukuru kutoka moyoni, nimesoma mara mbili na nimemsomea mzee kwenye simu sehemu ndefu. Nilipofika kwenye habari ya Murumbi alinyamaza kidogo kisha akaniambia rudia hapo.

Bado tuna maswali mawili. La kwanza, makumbusho yanaweza kukataa? Maana mzee anadhani ukishatoa wanapokea tu kwa furaha. La pili, nyaraka umesema Bliss alizifunga picha chache zisiuzwe, alizifunga vipi? Hapo mzee ameshikilia, kuna picha mbili za Lilanga hataki hata kusikia habari ya kubadilishana.

nyaraka_na_rangi

Mlinzi_wa_kuta umesema kweli na nakubaliana na wewe kwa hilo la fedha ya picha inunue picha. Kule Marekani wakurugenzi wa makumbusho kwa miaka mingi walikuwa na kanuni yao kwamba mauzo ya kazi yatumike kununua kazi tu, wakati wa korona 2020 waliilegeza kwa muda, na 2022 wakaruhusu fedha hizo zitumike pia kutunza kazi zenyewe.

Fundi, kukataa wanakataa, tena sana. Gustave Caillebotte, mchoraji na tajiri wa Paris, aliandika wosia wake 1876 akiwa kijana, kwamba picha za rafiki zake, kina Monet, Renoir, Pissarro, Degas, Cézanne, ziende kwa serikali ya Ufaransa na wasizipeleke darini wala kwenye makumbusho ya mikoani, zikae kwenye makumbusho ya Luxembourg pale Paris halafu Louvre. Akafa 1894, Renoir akiwa msimamizi wa wosia. Mivutano ikachukua miaka, na kati ya kazi zaidi ya 60 serikali ikakubali karibu 40 tu. Zilizokubaliwa zikatundikwa Luxembourg 1897 na watu wakalalamika magazetini. Leo ziko Musée d'Orsay, ile dansi ya Moulin de la Galette ya Renoir ambayo kila mtalii anaikimbilia imetoka humo. Zilizokataliwa zilirudi kwa familia na zikatawanyika.

Kwa hiyo mzee asiwashtukize. Azungumze na makumbusho akiwa hai, awape orodha, waseme wanataka zipi na hawataki zipi, na zile ambazo hawataki azitafutie mahali pengine mapema, kuna vyuo, kuna maktaba. Na mwanasheria aangalie sheria ya mirathi ya huko kwenu inaruhusu kiasi gani, kama mzee ni Muislamu wosia hauvuki theluthi, Bi_Shangani atanisahihisha nikikosea.

Bi_Shangani

Hujakosea, ni theluthi, na kinachozidi hapo mpaka warithi waridhie. Lakini akitoa hiba akiwa mzima na akili zake na kikachukuliwa kikaondoka mkononi mwake, hilo ni jambo jingine. Aulize kwa kadhi.

nyaraka_na_rangi

Ahsante Bi. Na la kufunga picha, Bliss alifanya kwa akili sana. Hakuandika tu "zisiuzwe" akaacha hivyo. Alichagua chache mno, ikiwemo Still Life with Apples ya Cézanne na The Laundress ya Daumier, akasema hizi haziuzwi, na kama MoMA haizitaki basi ziende Metropolitan. Yaani alikwisha kumtaja wa pili kwenye foleni, kwa hiyo MoMA hawana jinsi ya kufaidika kwa kuziondoa, ama wazitunze ama wazitoe bure kwa mwingine atakayezitunza.

Na sharti lilifanya kazi kweli. Matofaa ya Cézanne yako MoMA mpaka leo. Daumier, yule mama mfuaji anapanda ngazi kutoka mtoni amemshika mwanae mkono, MoMA hawakukaa naye, yuko Metropolitan, na lebo yake inasema wosia wa Lillie P. Bliss, 1931. Mzee aandike hivyo hivyo kwa Lilanga zake mbili, ataje makumbusho ya kwanza na ya pili kwa majina, na wa pili naye aulizwe mapema kama yuko tayari.